Mtoto Aliyeogopa Kusahauliwa

Mafungu ya kusoma: Ayubu 1:1–2:10, Ayubu 14:7–15, Ayubu 40:6–14, 2 Samweli 12:15–23, Yohana 9:1–3, Yohana 11:17–44, Waebrania 11:32–40.

Mwaka 1966 rabi kijana aitwaye Harold Kushner alikuwa amehamia Natick, mji ulio magharibi ya Boston nchini Marekani, ili kuhudumu katika sinagogi la hapo. Alikuwa na mke na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, jina lake Aaron. Mtoto huyu alikuwa mchangamfu na mwepesi wa kujifunza. Kabla hajatimiza miaka miwili aliweza kutaja aina kama 12 za dinosauri, wale wanyama wakubwa wa kale, na kumweleza mtu mzima kwa upole kwamba wanyama hao hawapo tena duniani.

Mwili wake, hata hivyo, haukukua kama wa watoto wengine. Alipofikisha miezi minane uzito wake uliacha kuongezeka, na baada ya mwaka mmoja nywele zikaanza kupukutika. Wazazi walimpeleka kwa madaktari bila kupata jibu la kuridhisha. Kisha, katika siku zile zile mama alipojifungua mtoto wa pili, binti, daktari mmoja aliyekuwa akichunguza matatizo ya ukuaji wa watoto aliwaletea habari. Aaron alikuwa na projeria, ugonjwa wa nadra sana unaomfanya mtoto azeeke haraka. Urefu wake hautazidi sana futi tatu. Hatakuwa na nywele. Atafanana na mzee mdogo akiwa bado mtoto, naye atafariki mwanzoni mwa ujana wake.

Mambo yakawa kama daktari alivyosema. Aaron alifariki mwaka 1977, siku mbili baada ya kutimiza miaka 14.

Mwadventista asisome habari za nyumba hii kama habari za wageni. Ni nyumba iliyoipokea Sabato Ijumaa jua lilipotua, iliyosoma Musa na manabii, na iliyofahamu kitabu cha Ayubu katika lugha yake ya kwanza. Swali lililoingia katika nyumba hiyo siku ile ya mwaka 1966 lingeweza kuingia katika nyumba ya mzee wa kanisa yeyote.

Rabi Kushner ameeleza waziwazi alivyowaza. Aliamini kwamba alikuwa akimtumikia Mungu na kuzifuata njia zake. Alijua familia nyingi ambazo hazikujali mambo ya Mungu, nazo zilikuwa na watoto wakubwa, wenye afya. Alijichunguza. Huenda alikuwa na kiburi, huenda kuna wajibu alioupuuza. Lakini hata kama baba alistahili kuadhibiwa, mtoto alikuwa na kosa gani? Kwa nini Aaron ateseke mwilini na moyoni kila siku, akodolewe macho na kunyoshewa vidole kila aendako?

Jambo hilo la kunyoshewa vidole lisipitwe haraka. Wazazi wanaoleta kanisani mtoto mwenye ulemavu wanafahamu jinsi vichwa vinavyogeuka wanapoingia, na jinsi watu wengine wanavyonong'ona wakati wa tangazo. Mara nyingi kinachonong'onwa ni swali lile lile ambalo wanafunzi walimwuliza Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake?

Soma Yohana 9:1–3. Yesu alilikataa swali lenyewe. Hakusema kwamba mtu yule na wazazi wake hawakuwahi kutenda dhambi maishani mwao. Alisema upofu ule haukutoka huko. Kwa habari ya projeria, sayansi ilifika mahali pa kufanana na hapo mwaka 2003, miaka 26 baada ya kifo cha Aaron. Watafiti waligundua kwamba ugonjwa huu hutokana na badiliko la herufi moja tu katika maandishi marefu mno ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Kwa kawaida badiliko hilo hutokea lenyewe, wala wazazi hawakuwa nalo. Hakuna walichokula, hakuna walichotenda wala walichoacha kutenda. Kwa hiyo rabi alijichunguza dhamiri kwa miaka mingi kwa ajili ya jambo ambalo halikuwamo ndani ya dhamiri yake.

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, mtoto mwenyewe alikuwa na imani? Vitabu vya watoto vya zamani vimejaa wagonjwa wadogo wanaokufa wakiimba, baada ya kuwaonya wajomba zao waache pombe. Huenda watoto wa namna hiyo wamekuwapo. Lakini mtoto mgonjwa asilazimishwe kuwa mhubiri ili watu wazima walio kando ya kitanda chake wapate faraja. Katika yale ambayo baba yake aliyaeleza hadharani, Aaron hahubiri. Anaishi, anajifunza, anawapenda watu wake, na mwishoni anamwambia baba yake hofu aliyonayo. Aliogopa kwamba, kwa kuwa anakufa akiwa mdogo, atasahauliwa. Baba akamwahidi kwamba atasimulia habari zake.

Anayetafuta imani ya mtoto na aitazame hapo. Mtoto aliyejua kwamba anakufa hakuificha hofu yake. Aliipeleka kwa mtu aliyemwamini, akapokea ahadi ambayo yeye mwenyewe asingeiona ikitimizwa. Soma Waebrania 11:39. Neno la mwandishi juu ya mashujaa wote wa sura ile halitofautiani sana na hilo.

Sura hiyo hiyo inasahihisha kosa linalojirudia makanisani. Katika saa ya ushuhuda husimama aliyepona. Ambaye mtoto wake hakupona hubaki ameketi, na hakuna anayemwuliza. Polepole watu hujifunza, bila mtu yeyote kuwafundisha, kwamba imani ya kweli huonekana kwa kupona. Soma Waebrania 11:35 kwa makini. Ndani ya fungu moja wapo wanawake waliorudishiwa wafu wao wakiwa hai, na wapo wengine walioumizwa hata kufa. Mwandishi hasemi kwamba wa kwanza walikuwa na imani kubwa na wa pili imani haba. Wote anawahesabu katika orodha moja.

Mwaka 1981 Rabi Kushner alitimiza ahadi yake. Alitoa kitabu kuhusu watu wema wanaopatwa na mabaya, nacho kikasomwa na mamilioni ya watu, Wayahudi na Wakristo. Ndani yake alitoa hoja kuhusu Ayubu ambayo darasa la Shule ya Sabato linapaswa kuipima kwa heshima, kwa sababu aliyeitoa aliilipia.

Hoja ni hii. Kuna kauli tatu ambazo kila mtu angependa kuziamini: kwamba Mungu ana uwezo wote, kwamba Mungu ni wa haki, na kwamba Ayubu ni mtu mwema. Ayubu akiwa na afya, mali na watoto, kauli zote tatu hukaa pamoja bila shida. Ayubu akiwa juu ya majivu, ni mbili tu zinazoweza kukaa pamoja. Ya tatu lazima itoke. Marafiki zake walitoa ile ya tatu: Ayubu si mwema, ana dhambi ya siri. Ayubu mwenyewe, katika uchungu wake, alikaribia kuitoa ile ya pili. Kushner aliitoa ya kwanza. Aliisoma Ayubu 40:6–14 kama maneno ya Mungu anayesema kwamba kuwazuia waovu na machafuko si kazi rahisi hata kwake. Kwa hiyo, alisema, Mungu hakumletea Aaron ugonjwa, wala hakuweza kuuzuia. Alihuzunika pamoja na wazazi, akawapa nguvu ya kuvumilia.

Kabla ya kukanusha, na ieleweke kwa nini baba alichagua hivyo. Alikuwa na njia tatu mbele yake. Njia moja ilimtaka amwambie mtoto wake kwamba anateseka kwa sababu ya dhambi. Nyingine ilimtaka amwambie kwamba Mungu ni mkatili. Aliikataa ya kwanza, akaikataa na ya pili, na katika kukataa huko alikuwa karibu na Biblia kuliko walivyokuwa Elifazi na wenzake. Mwishoni mwa kitabu cha Ayubu, wanaokemewa ni marafiki waliomtetea Mungu kwa kumsingizia mgonjwa.

Hata hivyo hoja ina mahali inapovunjika. Soma Ayubu 1:6–12 na 2:1–7. Msomaji anaonyeshwa jambo ambalo Ayubu hakuonyeshwa. Yuko adui, na adui huyo anawekewa mpaka asiouvuka. Anayeweka mpaka si dhaifu. Yesu naye, katika mfano wa magugu, anataja mkono wa adui shambani, kisha anataja siku ya mavuno. Hapo ndipo Waadventista huongeza jambo ambalo zile kauli tatu haziligusi, yaani wakati. Kwamba Mungu hajafanya jambo leo si ushahidi kwamba hawezi kulifanya.

Lipo na jambo zito zaidi. Uwezo ambao ungemponya Aaron ni ule ule ambao utamfufua. Mungu asiyeweza kusahihisha herufi moja ndani ya seli ya mtoto aliye hai atawezaje kumwita mtoto huyo kutoka mavumbini, ambako hakuna seli iliyobaki? Anayeuondoa uwezo wa Mungu ili kuulinda wema wake huondoa pia asubuhi ya ufufuo, na mtoto huachwa na Mungu mwema anayelia kaburini bila la kufanya. Kushner aliliona hilo. Kuhusu maisha baada ya kifo alisema kwamba hakuna mtu aliye hai anayeweza kujua.

Lakini jibu hili la Waadventista nalo lina gharama, na si uaminifu kuificha. Ukisema Mungu anaweza, umesema pia kwamba aliweza mwaka 1966, na hakufanya. Fundisho la pambano kuu linaeleza ugonjwa umetoka wapi. Halielezi kwa nini mtoto huyu na si yule wa kitanda cha jirani. Darasa linalodhani kwamba maneno "pambano kuu" yamemaliza kila swali halijawahi kulala kwenye benchi la wodi ya watoto. Ayubu mwenyewe hakuelezwa kamwe mazungumzo ya sura ya kwanza. Alipata kumsikia Mungu akisema naye, akatulia, lakini sababu hakupewa.

Rabi aliwaachia wanaoamini ufufuo onyo moja linalofaa kupokelewa. Tumaini la ulimwengu ujao, alisema, laweza kumsaidia mtu kuvumilia, lakini pia laweza kuwa kisingizio cha kutojali mateso ya ulimwengu huu. Je, hilo halijawahi kutokea? Mama anarudi kutoka makaburini, na kabla hajavua kanga ya msibani mtu ameshamwambia asilie, atamwona mwanawe asubuhi ile. Maneno ni ya kweli. Lakini yanasemwa upesi namna ile ili anayeyasema apate kuondoka.

Soma Yohana 11:33–44. Bwana alijua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini kwa miguu yake. Hakuna aliyewahi kuwa na uhakika wa ufufuo kuliko yeye siku ile. Naye akalia. Hakumkemea Martha wala Mariamu kwa kumwambia kwamba angalikuwapo ndugu yao asingalikufa. Tumaini lake halikumfupishia machozi, wala halikumzuia kuuliza kaburi liko wapi na kwenda. Vivyo hivyo tumaini halimzuii mtu kutafuta dawa. Wapo waliokataa kuridhika kwamba projeria haina tiba, wakachunguza kwa miaka, na Novemba 2020 dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ikaidhinishwa nchini Marekani. Haiponyi. Inawaongezea watoto miaka ya kuishi.

Yote hayo, kauli tatu na majibu yake, ni maswali ya watu wazima. Mtoto aliuliza jingine. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama atakumbukwa.

Wayahudi wamelichukua swali hilo kwa uzito. Kila mwaka, siku ya kifo inapofika, jamaa huwasha taa inayowaka usiku na mchana. Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya huwapa watoto wachanga majina ya ndugu waliofariki. Na sala ya masinagogi ya kila siku, tangu kale, humbariki Mungu anayewahuisha wafu. Kwa hiyo tumaini la ufufuo lilikuwa katika kitabu cha sala cha sinagogi la Aaron kabla Mwadventista yeyote hajalifikisha huko.

Lakini kumbukumbu ya wanadamu ina kikomo. Rabi Kushner alifariki Aprili 2023, akiwa na miaka 88. Alikuwa ametimiza ahadi yake kadiri mwanadamu anavyoweza, na watu wasiohesabika waliojua jina la Aaron walilijua kwa sababu yake. Sasa mwenye ahadi naye amelala. Waliomjua mtoto yule kwa sauti yake na kicheko chake wanazidi kupungua, na siku moja hatabaki hata mmoja. Vitabu navyo hutoka madukani.

Soma Mwanzo 8:1, Mwanzo 30:22 na Kutoka 2:24. Katika mafungu hayo Mungu anamkumbuka Nuhu, anamkumbuka Raheli, analikumbuka agano lake. Angalia kinachofuata kila mara. Maji yanapungua, mtoto anazaliwa, watu wanatolewa utumwani. Mwanadamu akikumbuka, moyo wake hujaa. Mungu akikumbuka, jambo hutendeka. Sasa rudi kwa Ayubu 14:7–15. Mtu aliyefiwa na watoto kumi anatazama mti uliokatwa, anaona kwamba una tumaini la kuchipuka tena, kisha anathubutu kuomba: afichwe kaburini, awekewe muda, na muda huo ukitimia akumbukwe. Anamwona Mungu akiita, naye akiitika, kwa sababu Mungu ataitamani kazi ya mikono yake. Ni ombi lile lile la mtoto wa Natick. Ayubu hakuridhika kukumbukwa na ndugu zake. Alitaka kukumbukwa na yule ambaye akikumbuka huita.

Kushner alikiweka kitabu chake wakfu kwa kumbukumbu ya Aaron, na chini ya jina la mwanawe akaweka maneno ya Daudi yaliyo katika 2 Samweli 12:22–23, baada ya mtoto wake kufa: kwamba alifunga na kulia mtoto alipokuwa hai, lakini sasa hawezi kumrudisha, yeye atakwenda kwa mtoto, mtoto hatamrudia. Ni chaguo linaloshtua kidogo. Katika habari ile mtoto anakufa baada ya dhambi ya baba, na ndilo wazo ambalo rabi alipigana nalo miaka yote. Lakini Daudi aliambiwa hivyo na Nathani, na Nathani alitumwa. Anayenong'ona kwenye msiba hakutumwa, na Ezekieli 18:20 inamnyamazisha.

Daudi hasemi mtoto yuko mbinguni akimwangalia. Anasema atakwenda alikokwenda mtoto, yaani kaburini, walikolala wote wawili hata leo. Maneno yake yanakomea hapo, na baba wa Aaron alikomea hapo pia.

Kabla ya kufunga kipindi, darasa lisome tena fungu hilo la 23, kisha Ayubu 14:15. Mwalimu achague mtu mmoja, na ikiwezekana awe mzazi, amjibu kwa sentensi mbili au tatu mtoto wa miaka 13 aliyelala kitandani, anayejua kwamba hataamka wiki nyingi zaidi, na aliyeuliza kama atasahauliwa. Wengine wasikilize bila kumsaidia.